Taulo za Kufua na Vikombe vya Hedhi: Kazi Huanzia kwenye Kamba ya Kuanikia

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata)



Kila tarehe 28 Mei huadhimishwa Siku ya Hedhi Salama Duniani. Siku hiyo hotuba hutolewa na wasichana hugawiwa taulo za kike shuleni. Mwezi mmoja baadaye msichana yule yule huingia tena katika siku zake, na pakiti aliyopewa imekwisha. Kwa sababu hiyo mada ya leo inahusu vifaa ambavyo mwanamke hununua au hushona mara moja, kisha akavitumia kwa miaka: taulo za kitambaa zinazofuliwa na kikombe cha hedhi.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia pakiti ya taulo za kutupa inauzwa shilingi 2,500, na mtumiaji mmoja anahitaji pakiti 2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 60,000. Kaya yenye mama na mabinti 2 itahitaji shilingi 180,000. Katika kaya inayosubiri mavuno ili ipate fedha, kiasi hicho hushindana na chumvi, sabuni na madaftari, na mara nyingi hushindwa. Mwaka 2018 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika taulo za kike. Mwaka uliofuata kodi hiyo ikarejeshwa, kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka kama ilivyotarajiwa. Nafuu ya kodi, basi, si lazima imfikie anayenunua dukani. Nafuu ya kifaa kinachodumu humfikia aliye nacho mkononi.

Taulo ya kitambaa si jambo geni. Bibi wengi walitumia vipande vya kanga kuukuu. Taulo za sasa zimeboreshwa tu: juu kuna pamba laini, katikati tabaka la kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, na pembeni mabawa yenye vifungo vya kuishika kwenye chupi. Ikitunzwa vizuri hudumu mwaka mmoja na zaidi. Mtumiaji anahitaji walau taulo 6, ili nyingine zikauke wakati nyingine zinatumika. Hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi damu ikiwa nyingi.

Ufuaji wake una utaratibu. Kwanza taulo huloweshwa katika maji ya baridi, kwa maana maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kisha hufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa hadi maji yawe meupe. Dawa kali za kung'arisha nguo hazifai, kwani hula kitambaa. Mwisho huanikwa juani hadi ikauke kabisa, na wakati wa masika hupigwa pasi. Taulo ya mtu mmoja haitumiwi na mwingine, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Wasichana wengi hufua vizuri, kisha huficha. Taulo huwekwa chini ya godoro, nyuma ya kabati, au ndani ya nguo nyingine zilizolowa. Huko hakuna jua wala hewa, na kitambaa chenye unyevunyevu hustawisha vijidudu na kuvu. Asubuhi msichana huivaa ikiwa mbichi. Akianza kuwashwa au kuchubuka, taulo ndiyo hulaumiwa, ilhali kosa ni la mahali pa kukaushia.

Sababu za kuficha zinajulikana. Ipo aibu ya kuonwa na baba au kaka, na ipo hofu kwamba mwenye nia mbaya ataichukua taulo na kumdhuru mwenyewe. Hofu hizo hazimalizwi kwa kumcheka msichana. Humalizwa kwa kumpatia mahali: kamba nyuma ya nyumba, ndani ya ua, panapopigwa na jua na pasipopitwa na wageni. Asiyetaka taulo ionekane anaweza kuifunika kwa mtandio mwepesi unaopitisha hewa. Ndoo yenye kifuniko, kipande cha sabuni na bafu lenye mlango unaofungwa hukamilisha vifaa hivyo. Vyote hivi humhusu baba sawasawa na mama, kwa kuwa mara nyingi baba ndiye anayejenga bafu na kufunga kamba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na nyumba inayoficha hedhi huwafundisha mabinti wake kuvaa vitambaa vibichi.

Kifaa cha pili ni kikombe cha hedhi. Ni kikombe kidogo cha silikoni laini kinachokunjwa na kuingizwa ukeni, ambako hufunguka na kukusanya damu badala ya kuinyonya. Wapo wanaodhani ni uvumbuzi wa juzi, lakini Leona Chalmers wa Marekani alipewa hataza ya kikombe cha namna hiyo mwaka 1937. Cha wakati ule kilikuwa cha mpira. Cha sasa kikitunzwa huweza kudumu hadi miaka 10. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zenye washiriki wapatao 3,300. Mapitio hayo yalionyesha kuwa kikombe ni salama, na kwamba uvujaji wake ni sawa na wa vifaa vingine au pungufu. Yalionyesha pia kuwa kukizoea huchukua mizunguko kadhaa, na kwamba wanaosaidiwa na wenzao huzoea vizuri zaidi. Kwa hiyo anayeshindwa mwezi wa kwanza asikate tamaa, na asiachwe ajifunze peke yake.

Matumizi yake yanadai usafi. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kukigusa. Kikombe humwagwa na kusuuzwa kwa maji safi, angalau mara moja katika kila saa 12. Wakati wa kukitoa, kitako chake hubanwa kwanza ili hewa iingie; hakivutwi kwa nguvu. Kabla ya siku kuanza na baada ya kwisha, huchemshwa kwa dakika 5 hadi 10 katika sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo, kisha hutunzwa katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Kwa kaya inayochota maji mbali, kikombe kina faida ya wazi: hakihitaji maji mengi ya kufulia wala kamba ya kuanikia.

Swali la kama kinaweza kupotelea tumboni lina jibu fupi: hakiwezi. Mlango wa kizazi ni mwembamba mno, hivyo kikombe hubaki ukeni. Swali la bikira nalo linastahili jibu la kweli. Kikombe huweza kuutanua au kuuchana utando wa ukeni. Jambo hilo halina madhara kwa uzazi, wala halimfanyi msichana kuwa ameshafanya tendo la ndoa. Familia inayoona uzito katika suala hili inaweza kuchagua taulo za kitambaa bila kupungukiwa na chochote.

Wapo wanaopaswa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kutumia kikombe. Mwenye kitanzi ni mmoja wao, kwa sababu kuvuta kikombe vibaya kunaweza kukitoa kitanzi. Aliyejifungua karibuni asubiri hadi aruhusiwe. Mtumiaji akipata homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu au vipele mwilini, akitoe kikombe mara moja na awahi kituo cha afya. Hali hiyo ni nadra sana, lakini haingojewi hadi kesho. Mwenye kuwashwa au kutokwa uchafu wenye harufu, awe anatumia kifaa chochote kile, naye afike zahanati.

Kwa upande wa shule, msichana anayetumia taulo za kufua anahitaji mfuko mdogo usiopitisha maji wa kuhifadhi iliyotumika hadi afike nyumbani, pamoja na choo chenye mlango, maji na sabuni. Kamati za shule zinaombwa kulipa jambo hili nafasi katika mipango yao. Faida ya ziada ni kwamba taulo za kutupa hujaza mashimo ya vyoo mapema, na taulo za kufua hazifanyi hivyo.

Taulo za kitambaa huweza pia kuwa kazi ya kuingiza kipato. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye cherehani na fundi mwenye uzoefu kinaweza kuombea mradi wa kushona taulo. Maelezo ya kusajili kikundi hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu wakazi, uchaguzi kati ya taulo ya kutupa, taulo ya kufua na kikombe ni wa mwanamke mwenyewe, na hakuna anayepaswa kulazimishwa. Lakini hakuna chaguo linalowezekana katika nyumba isiyo na sabuni, maji wala mahali pa faragha. Kwa hiyo kila kaya inaombwa, kabla ya mkutano ujao, iwe na kamba moja iliyofungwa juani, na kila binti wa nyumba hiyo ajue kuwa ana ruhusa ya kuitumia.