Breki Laini Baada ya Kutiwa Vyombo Vipya

Maneno ya hotuba kwa madereva, mataniboi na mafundi wa Kibarani

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowashangaza wengi. Mwenye lori kuukuu amenunua pampu mpya ya breki, mipira mipya na viatu vipya. Vyote vimetiwa, fedha imekwisha, walakini dereva akikanyaga, pedali yazama kama mguu katika matope. Aghalabu husema, “Haidhuru, itakaa sawa njiani.” Neno hilo ni la hatari. Tangu daraja la Kilifi lifunguliwe mwaka 1991 hatungoji tena feri kuvuka mkono wa bahari. Lakini lori lililojaa mawe ya matumbawe halina budi kusimama linapotakiwa, na mbele yake huenda pana watoto watokao shule.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Nasema juu ya breki za mafuta, si zile za upepo zilizomo katika malori makubwa. Mafuta hayakubali kubanwa. Kwa hiyo nguvu ya mguu hupita katika mabomba mpaka magurudumuni. Hewa hubanwa kwa urahisi. Pakiwa na hewa kidogo tu ndani ya bomba, nguvu ya mguu hupotea kwa kuibana hewa ile. Na kila bomba lifunguliwapo ili kutia chombo kipya, hewa huingia.

Basi, lori likiwa limesimama mahali pa sawa na magurudumu yametiwa vizuizi, kanyaga pedali uishikilie. Ikishuka polepole, mafuta yanapotea. Tazama maungio yote na upande wa ndani wa kila gurudumu. Usipoona unyevu, shaka ni juu ya mipira ya pampu, hata ikiwa mpya.

Isiposhuka, kanyaga upesi mara mbili tatu. Ikipanda juu, sababu ni moja katika mbili, au zote pamoja. Ikidunda kama mpira wa kuchezea, mna hewa. Ikienda mbali kisha ikawa ngumu, viatu viko mbali na dramu. Vikaze mpaka gurudumu likwaruze, kisha vilegeze kidogo lizunguke bila kizuizi.

Kutoa hewa kwahitaji watu wawili. Pampu mpya yafaa ijazwe mafuta na kutolewa hewa kabla ya kufungwa garini. Kisha, katika magari mengi, huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Lakini kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate. Tia mpira mwembamba katika nipeli, na ncha yake ya pili izame katika chupa yenye mafuta ya breki. Mmoja akanyage, mwenziwe afungue nipeli, aifunge kabla mguu haujainuliwa. Fanyeni hivyo mpaka mapovu yakome, na kopo la mafuta lisikauke kamwe, maana likikauka kazi yote huanza upya.

Hewa ikikataa kutoka, tazama nipeli iko wapi. Hewa hupanda juu. Silinda ikifungwa nipeli ikatazama chini, hewa itabaki pale daima. Kadhalika, mwenzio akikanyaga, tazama mabomba ya mpira: la zamani likivimba, libadilishwe.

Tena, msitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa. Hayo huvimbisha mipira na kuiharibu. Tumieni mafuta ya breki ya namna iliyoandikwa kwa gari lenu, kutoka kopo lililofungwa barabara. Mafuta haya hunywa maji yaliyomo hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Breki zikipata moto, maji yale huwa mvuke, na pedali huzama tena.

Mwisho, jaribuni gari likiwa tupu, kwa mwendo wa mtu atembeaye, mahali pa sawa. Mteremko usiwe mahali pa jaribio. Mwenye mzigo akiwahimiza, mwambieni kwa adabu kwamba pedali haijawa ngumu. Wazee walisema, “Kawia ufike.” Mzigo uliochelewa siku moja hufika kesho, aliyegongwa harudi.