Akirudi Nyumbani, Tumpokee Vipi?



Leo nawaletea stori ya Waislamu wawili wa New York, Muhammad Aziz na Khalil Islam. Mwaka 1966 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua Malcolm X. Hawakumuua. Mshtakiwa wa tatu, aliyekiri kosa, alisema palepale mahakamani kwamba hawa wawili hawahusiki. Haikusaidia kitu. Polisi na FBI walikuwa na ushahidi wa kuwatetea, wakaukalia.

Aziz alitoka jela 1985, Islam 1987. Hukumu ilifutwa Novemba 2021. Aziz alikuwa na miaka 83. Islam alishafariki 2009, angali anaitwa muuaji.

Sasa piga hesabu. Kuanzia 1985 mpaka 2021 ni miaka 36. Aziz yuko nje, anatembea, lakini jina ni lile lile. Siku hiyo aliiambia mahakama kwamba haihitaji karatasi kumwambia hana hatia. Basi karatasi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu wa nje, sisi tunaonyoosha vidole.

Mwaka uliofuata zikaja fidia, dola milioni 36, zigawanywe kati ya Aziz na familia ya Islam. Ni haki yao. Lakini pesa hairudishi usingizi.

Daktari wa akili wa Cambridge, Adrian Grounds, aliwachunguza wanaume 18 waliofungwa bila makosa. Wengi walirudi watu wengine kabisa: jinamizi, kushtuka ovyo, kutoamini mtu, kujitenga hata na mke na watoto.

Turudi mtaani kwetu. Mtu akiachiliwa, siku ya kwanza ni dua na biriani. Wiki ya tatu anajifungia chumbani, tunasema ana kiburi, ama ana jini. Ndugu zangu, huyo ameumia.

Kwa hivyo tukubaliane. Usimuulize "kwani ulifanya nini hasa?" Mwache aongee akitaka, na akinyamaza kaa naye hivyo hivyo. Mpitie mwende msikitini pamoja, msimamie apate kibarua. Halala? Haongei na mtu? Msindikize kwa mshauri nasaha, usimtume peke yake.

Na ule msemo wa "lisemwalo lipo", kwa huyu tuuache. Lilisemwa, na halikuwepo.

Wabillahi tawfiq.