Nisome kutibu macho tu, ao kutibu na kutafiti pamoja?

Maneno haya yalisemwa katika mkutano mkuu wa chama na mmoja wa watoto wetu anayemaliza masomo ya optometri huko Kampala. Tunayachapa kwa ajili ya ndugu wa Walikale ambao barabara iliwazuia kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu.

 

Komite iliniomba niseme juu ya kitu kimoja. Munajua kwamba kuna mfadhili aliyesema yuko tayari kunisaidia niende kwenye masomo marefu, yale ya diplome mbili kwa pamoja: moja ya kutibu macho, moja ya utafiti. Pesa hiyo itapita katika sanduku la chama, na kuna vijana wengine wanaongoja burse. Kwa hiyo jambo hili siyo langu peke yangu. Nitawaambia namna nilivyowaza, halafu ninyi mutaamua.

Kwanza tusikilizane juu ya kazi yenyewe. Optometri siyo upasuaji. Daktari anayepasua mtoto wa jicho ni mwingine. Sisi tunapima macho, tunatafuta miwani inayomfaa mtu, tunaangalia ndani ya jicho, na tukiona mtoto wa jicho, glokoma, ao kisukari kilichogusa macho, tunamtuma mtu kwa daktari mapema. Kampala, kwenye iniversite ya Makerere, masomo haya ni miaka 4. Yako pia Moshi kule Tanzania, na Kakamega kule Kenya, kwenye iniversite ya Masinde Muliro. Watoto wetu waliosomea kambini Nakivale ao Kyaka wana Kiingereza cha kuingia huko. Hiyo ni faida tuliyotoka nayo ukimbizini, tusiitupe.

Njia ya diplome mbili inajulikana zaidi Marekani. Kule, optometri inasomwa miaka 4 baada ya kumaliza diplome ya kwanza ya iniversite. Shule kama ya Ohio State, ao ile ya SUNY katika mji wa New York, zinamruhusu mwanafunzi kuunganisha na diplome ya utafiti. Ukiunganisha na digrii ya uzamili, muda hauongezeki sana. Ukiunganisha na udaktari wa utafiti, yote pamoja inaweza kufika miaka 7 ao zaidi. Upande wa pesa, vijana musikie vizuri: mara nyingi miaka ya utafiti iko na msaada wa karo na posho, lakini miaka ya kliniki njo inalipisha sana.

Sasa, utafiti utatusaidia nini? Mama mmoja wa kikundi chetu cha AVEC aliniuliza: «Mutoto, mimi nataka nione maharagi yangu niyachague. Utafiti itanipatia macho?» Swali lake ni zuri kuliko maswali mengi niliyosikia darasani.

Mama, miwani njo itakupatia macho. Lakini nani atalipa ili miwani ifike mpaka kwetu? Kwa muda mrefu wenye pesa walifikiri miwani ya kusomea ni kitu cha starehe cha wazee. Halafu watu wakahesabu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Assam, India, kwa wachumaji wa chai 751 wenye miaka 40 na zaidi, ambao macho yao ya karibu yalikuwa yamechoka. Nusu walipewa miwani mara moja, nusu walipewa baadaye. Waliopewa mbele walizidi wenzao katika kuchuma kwa karibu asilimia 22. Mwaka 2024 ukatoka mwingine, wa vijiji vya Bangladesh. Kati ya waliopewa miwani, mapato ya mtu wa katikati yalitoka dola 35 hivi kwa mwezi yakafika dola 47 hivi katika miezi 8. Ya wale waliokuwa bado wanangoja yalibaki pale pale. Leo mtu anayeombea kijiji miwani ana hesabu ya kuonyesha. Bila wale waliokaa na kuhesabu, angekuwa na huruma tu mkononi.

Mfano wa karibu zaidi uko Kitale, Kenya. Kule walimu walikuwa wanaweza kupima macho ya wanafunzi na kuwatuma hospitali, lakini watoto wengi hawakufika. Daktari wa macho wa pale pale Kitale, Hillary Rono, pamoja na Andrew Bastawrous na wenzao, wakachukua shule 50, wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule, walimu walipima kwa simu. Simu ikamwonyesha mzazi namna mtoto wake anavyoona ubao, na ujumbe wa kumkumbusha ukatumwa. Katika nusu nyingine walipima kwa njia ya kawaida na kuandika barua. Matokeo yalichapwa mwaka 2018: kati ya watoto waliotumwa hospitali, asilimia 54 walifika kwa njia ya simu, asilimia 22 kwa njia ya barua.

Musikie kilichonigusa pale. Daktari akikaa kliniki anaona yule aliyefika. Yule asiyefika hana jina katika daftari lake. Lazima mtu atoke akamhesabu.

Na kwetu, nani hafiki? Ninyi munajua kuliko mimi. Mzee wa Walikale anaambiwa aende Goma apasuliwe mtoto wa jicho. Anawaza barabara, vizuizi, pesa ya motari, mahali pa kulala, na shamba atamwachia nani. Katika santre ya afya wanaandika «ametumwa Goma», na habari inaishia hapo. Alifika? Alirudi anaona? Ao amekaa nyumbani, mjukuu ameacha masomo ili amshike mkono? Kwa swali hilo peke yake naamini kwamba kijana wetu mmoja lazima ajue kutibu na kutafiti, vyote viwili.

Basi juu ya nini nisikubali ile ya diplome mbili sasa hivi? Niko na sababu tatu.

Ya kwanza ni swali lenyewe. Anayeingia katika udaktari wa utafiti akiwa bado mgeni wa kazi, mara nyingi anachukua swali la profesa wake, lile lenye pesa na mashine katika maabara ile. Siyo swali baya. Lakini yule daktari wa Kitale alikuwa tayari anatibu Kitale, na swali lilimfuata kutoka kazini. Mimi bado sijatibu Masisi hata mwaka mmoja. Leo nikiandika swali, litakuwa la kubuni tu.

Ya pili ni mikono. Kazi ya macho inaingia mkononi kwa kuona wagonjwa wengi. Nikitoka shule nikaenda shule nyingine miaka 7, wakati huo wote santre zetu zitabaki bila mtu.

Ya tatu ni hesabu ambayo kila mama wa AVEC anaielewa. Miaka 8 ya mtu mmoja ni sawa na miaka 4 ya watu wawili. Na karo ya Marekani siyo karo ya Kampala. Mukiweka yote juu ya mtu mmoja, halafu akagonjwa, ao akapata kazi kule akabaki, chama hakibaki na kitu.

Lakini sitawaficha upande wa pili, juu uko na uzito. Mzee mmoja wa komite aliniambia kwamba mlango ukifunguka unaingia, kwa sababu vita haingojei mipango ya mtu. Anasema kweli. Nikikataa leo, inawezekana nafasi hiyo isirudi tena. Na kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Watafiti wanakuja kwetu, wanachukua vijana wetu wawasaidie kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, wanaondoka na majibu. Bila watu wetu wenye diplome ya utafiti, tutabaki wa kubeba daftari la wengine.

Nimepima pande zote mbili. Ombi langu kwenu na kwa mfadhili ni hili: tusikatae utafiti, tubadilishe mpangilio.

Mimi nimalize diplome ya kliniki, nishugulikie ekivalansi yake kwa serikali, halafu nifanye kazi Masisi na Walikale miaka 3. Sehemu ya ile pesa isomeshe vijana wengine wawili optometri hapa karibu, na mmoja wao awe msichana. Sehemu iliyobaki ikae kwa ajili ya masomo ya utafiti baada ya miaka hiyo 3, kwangu ao kwa mwingine kati yetu atakayekuwa na swali zuri kuliko langu. Siyo lazima ianze na udaktari. Kuna masomo ya mwaka 1 juu ya afya ya macho ya jamii, kama yale ya London School of Hygiene & Tropical Medicine. Yanatosha kumfundisha mtu kuhesabu sawasawa.

Na katika hiyo miaka 3 hatutakaa bure. Kila mtu tutakayemtuma Goma, tutamwandika, na baada ya miezi 3 tutauliza habari yake. Hapa chama kina kitu ambacho iniversite haina. Ili kuhesabu vipofu, watafiti wanachagua vijiji kwa kura na kupima wote wenye miaka 50 na zaidi. Hiyo inahitaji orodha ya watu. Kwetu orodha inazeeka haraka: wengi wetu tulitoka kambi za Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025, na kuna walioondoka tena tangu hapo. Lakini chama kinajua nani amerudi, na anaishi wapi. Niongeze neno la hadhari: katika nchi yetu orodha ya majina inaweza kuua. Kwa hiyo majina yabaki kwa komite, mtafiti apewe namba tu, na asiyetaka kuandikwa asiandikwe.

Vijana munaofikiria njia hii, mujiulize mambo matatu kabla ya kujaza karatasi yoyote. Swali langu limetoka kwa mgonjwa gani? Nani atabaki na wagonjwa nikiwa katika utafiti? Na nikimaliza, kuna mahali nyumbani pa kufanyia kazi zote mbili, ao nitalazimika kubaki ugenini ili diplome ya pili isioze? Ukiwa na majibu matatu, nenda, hata kama ni miaka 8, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuombea. Ukiwa na jibu moja tu, anza na kliniki.

Mfadhili wetu amepata maneno haya kwa maandishi kabla ya mkutano, na amesema atafuata uamuzi wenu. Kwa hiyo wenye neno waseme leo, hasa mama zetu, na wenye kuona kwamba nimekosea hesabu wanionyeshe. Walioko Walikale watume maoni kwa njia ya wajumbe wao mbele ya komite kuandika jibu.