Miguu ya Mwanapunda Ikaguliwe Kabla ya Kununuliwa



Punda anayenunuliwa bara na kuvushwa kutoka Nyamisati hadi Kilindoni humgharimu mwenyewe mara mbili: bei ya sokoni na nauli ya chombo. Kasoro ya mguu ikigunduliwa mnyama akiwa amekwisha kushuka gatini, mnunuzi hana pa kumrudisha. Ndiyo maana ukaguzi sharti ufanywe kabla fedha hazijatoka mkononi.

Wenzetu wa Lamu wanalielewa jambo hili. Huko punda hubeba mchanga na mawe vichochoroni, na katika sherehe za Maulidi hushindana mbio. Tangu mwaka 1987 pana kliniki ya The Donkey Sanctuary inayowatibu. Kwa mbeba shogi na kwa mkimbiaji pia, mguu ndio mtaji.

Mwanapunda asimamishwe mahali tambarare. Akitazamwa kwa mbele, mstari unaoshuka kutoka begani upite katikati ya goti, kifundo na kwato. Miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikiwa na matege, au magoti yakikaribiana mno, uzito huelemea upande mmja wa kiungo. Akitazamwa kwa ubavu, goti lisibonyee nyuma, kwa kuwa kasoro hiyo huumiza mifupa ya goti kila anapokanyaga. Kisha atembezwe. Mwenye kwato zinazotazama nje huelekea kugonga mguu kwa mguu. Mwenye kwato zinazotazama ndani huitupa miguu pembeni na kuchoka upesi.

Hata hivyo, si kila upindaji ni ulemavu. Mwanapunda aliyezaliwa karibuni huweza kuwa na magoti yanayokaribiana kidogo, na mara nyingi hunyooka kadiri anavyopata nguvu. Asiponyooka katika majuma ya mwanzo, aitwe mtaalamu wa mifugo bila kungoja. Mfupa ulio karibu na kifundo humaliza sehemu kubwa ya ukuaji wake katika miezi michache ya kwanza. Baada ya hapo kuunyoosha ni vigumu. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Kasoro nyingine hurithiwa, hivyo punda mwenye miguu mibovu asifanywe mbegu. Nyingine huletwa na mfugaji mwenyewe. Kwato zilizoachwa zikarefuka huupinda mguu unaokua. Zikaguliwe na kupunguzwa kila baada ya majuma sita hadi kumi. Wala punda asitwishwe mzigo mzito wala kufungwa mkokoteni kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne, hata akionekana mkubwa wa mwili, maana mifupa yake haijakomaa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima. Lakini hata pasipo sheria, hesabu ni nyepesi. Punda aliyechaguliwa vema na kusubiriwa akomae huweza kuitumikia nyumba kwa miaka mingi. Aliyeharakishwa huchechemea mapema, na mzigo wake hurudi kichwani mwa mama na watoto.

Mwenye mwanapunda anayemtilia shaka amwone afisa mifugo mapema.