Uvimbe Unaoyeyuka na Kurudi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu wetu aliponiandikia barua aliniomba niseme juu ya maendeleo ya sayansi ya kansa ulimwenguni, tena kwa dakika ishirini. Nilimjibu kwamba ulimwengu ni mkubwa na dakika ni chache. Nitasema juu ya kansa moja tu, ambayo nimeitazama kwa hadubini karibu maisha yangu yote ya kazi, na ambayo dunia iliifahamu vizuri kwa sababu ya watoto wa Afrika Mashariki. Vitabuni inaitwa limfoma ya Burkitt. Wazazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawana haja ya jina hilo. Wao wanajua kwamba jino la mtoto limelegea bila sababu, juma la pili shavu limevimba, na baada ya majuma machache jicho linasukumwa nje.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, mwenye jicho moja tu zima, kwani lile jingine lilipotea kwa ajali ya utotoni. Mtoto yule alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino hauendi hivyo. Burkitt hakuwa na jibu. Muda si mrefu alikwenda Jinja kikazi, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine nje ana uso ule ule. Alipompima alikuta na tumboni pia mna vivimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa kioja, lakini wawili walimfanya arudi Mulago na kuanza kufukua madaftari ya wagonjwa. Mwaka 1958 alichapisha habari za ugonjwa huo.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa maoni yangu, naliweka juu ya kazi nyingi zilizofanywa baadaye kwa mitambo ya mamilioni. Alituma picha za watoto wale katika hospitali nyingi za Afrika akiuliza: je, hali hii mmeiona? Na mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, alipanda gari kuukuu la Ford, wakasafiri kwa majuma kama kumi na maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara hili, wakiingia hospitali hadi hospitali na picha mkononi. Walitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Wakakuta unaishia kwenye baridi. Karibu na ikweta, ukipanda kupita kama futi 5,000 huuoni. Ukienda kusini, mpaka huo unashuka kufuata joto. Na penye ukame pia haupo. Vijana wa jiografia mmekwisha tambua: ramani ya joto na mvua ndiyo ramani ya mbu.

Kabla ya safari hiyo, mwezi wa Machi mwaka ule ule, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein, ambaye alifariki mwaka 2024 akiwa mzee sana. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege yenye kifurushi ilishindwa kutua London kwa ajili ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa machafu kama maji ya mchele. Wengi wangeyamwaga wakidhani yameoza. Yeye alichukua tone akalitazama, akakuta si bakteria, bali ni seli za uvimbe zenyewe zikielea huru na hai. Kutokana na seli hizo yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walipata kuona virusi kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964. Ndivyo kirusi cha Epstein-Barr kilivyojulikana, cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Furaha ile ilipoa kidogo ilipogunduliwa kwamba kirusi hicho wanacho watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi, duniani kote. Hata mimi ninacho, na Mwenyekiti bila shaka anacho. Basi kwa nini kiue watoto wa nchi za joto peke yao? Ili kujibu, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, Uganda, wakaihifadhi, wakangoja waone nani ataugua. Walioonekana kuugua baadaye walikuwa kumi na wanne tu, lakini damu yao ya zamani ilionyesha kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi hicho, miezi au miaka kabla ya uvimbe kutokea. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1978.

Upande wa malaria jaribio lilifanyika hapa kwetu Tanzania, katika Mara Kaskazini. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka kumi walipewa klorokwini mara mbili kwa mwezi. Wazee wenzangu wa upande ule wanakumbuka uchungu wa vidonge vile. Limfoma ilipungua. Lakini watafiti walikuwa waungwana, wakasema wazi kwamba kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge, na tena malaria yenyewe ilirudi juu wakati vidonge vingali vinagawiwa, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeanza kuwa sugu. Shikeni neno hilo, usugu. Nitalirudia.

Sasa ndani ya seli. Kila seli ina jeni moja iitwayo MYC ambayo kazi yake ni kutoa amri ya kugawanyika. Ifananisheni na kengele ya shule. Inapigwa kwa saa yake, kisha inanyamaza. Seli za damu zinazotengeneza kingamwili zina tabia ya pekee: zenyewe hukata na kuunga jeni zao ili zipate silaha mpya kwa kila adui. Malaria inapomsumbua mtoto mwaka hata mwaka, seli hizo hukata na kuunga bila kupumzika, na mwaka 2015 majaribio ya panya yalionyesha jinsi malaria ya muda mrefu inavyozidisha ukataji wa makosa. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC kinaungwa kimakosa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili, ambayo katika seli hizo haizimwi kamwe. Kengele imekabidhiwa kiranja asiyelala. Kirusi nacho huisaidia seli iliyoharibika isife. Badiliko hilo la kromosomu lilielezwa mwaka 1976, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1982. Tangu hapo seli huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua upesi kuliko huu.

Juu ya kuutambua sitasema mengi, maana kwa ufundi si kazi ngumu. Kwa uvimbe uliokaa nje, sindano nyembamba, kioo, na rangi ya Giemsa ile ile tunayopakia damu ya malaria. Ndani ya saa moja fundi mzoefu ana dalili ya kumfanya daktari asilale. Kipande kikikatwa vizuri huonekana kama anga jeusi lenye nyota, na kwa macho hayo O'Conor na Davies wa Mulago walitambua kwamba ni kansa ya seli za tezi, si ya mfupa. Ugumu uko njiani. Mtoto hung'olewa jino, halafu hupewa sindano za usaha, halafu hupelekwa kwa mganga, na mwezi umekwisha. Ukizidisha maradufu kila siku mbili kwa mwezi mzima, hesabu hiyo waachieni vijana wa kidato cha pili waifanye.

Na sasa nimefika nilipotaka kufika. Ugonjwa huu una ajabu moja. Kwa kuwa seli zake hazipumziki, dawa zinazovizia seli wakati wa kugawanyika huzifyeka. Burkitt na madaktari wa Nairobi walishuhudia miaka ya sitini kwamba dozi chache za siklofosfamaidi au methotreksati ziliyeyusha uvimbe wa ukubwa wa embe, na baadhi ya watoto hawakuugua tena. Wala si dawa za ajabu. Nyingine, vinkristini, asili yake ni lile ua dogo la Madagaska, jeupe au la pinki, mnaloliona limepandwa mbele ya nyumba. Mwaka 1967 ilifunguliwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, chini ya John Ziegler na baadaye Charles Olweny, na humo ndimo yalimojifunzwa mengi juu ya swali lililobaki: kwa nini kwa wengine uvimbe unarudi?

Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya kandokando ya ziwa alipoletwa mtoto wa miaka saba. Kioo chake nilikipaka mimi. Alipata dozi ya kwanza siku ya Jumatatu, na Jumapili uso wake ulikuwa uso wa mtoto yeyote. Baba yake alishukuru sana, akafunga mzigo. Muuguzi akamwambia, "Mzee, dawa bado. Zimebaki mara tano." Akajibu kwa upole, "Mama, huo uvimbe uko wapi?" Mvua zilikuwa zimeanza, nyumbani kulikuwa na watoto wanne na shamba halijalimwa, na wodini alikuwa akilala chini ya kitanda cha mwanawe.

Baada ya majuma kumi wakarudi. Taya lilikuwa safi, lakini mtoto hakuweza kusimama. Nililetewa maji ya uti wa mgongo. Yanapaswa kuwa angavu kama maji ya chemchemi, nami nilizihesabu seli zilizojaa humo hadi nikaacha kuhesabu. Dawa zile zile zilitolewa tena, zikawa kama maji. Alifariki kabla ya mavuno.

Nimesikia wasomi wakisema wazazi wa vijijini hawaelewi. Mimi sikubali. Baba yule alipima kwa alichokiona, kama fundi yeyote. Kilichomshinda ni kile kisichoonekana. Uvimbe mdogo kama punje ya karanga una seli mamia ya milioni. Ukiyeyuka hadi macho na vidole visiupate, huenda zimebaki milioni nzima. Na katika wingi huo, hata kabla dawa haijaingia mwilini, zimo chache zilizobadilika kwa bahati: nyingine zina pampu kwenye ngozi yake inayotema dawa nje, kama ilivyogunduliwa mwaka 1976, nyingine zina kimeng'enya kinachoivunja siklofosfamaidi, nyingine zimepoteza jeni ya p53, ile inayoiamuru seli iliyojeruhiwa ijiue. Nyingine hazina nguvu yoyote, zimejificha tu kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa nyingi hazipenyi, na ndiyo sababu tunadunga dawa huko mgongoni hata kwa mtoto asiye na dalili. Dawa moja ikiua zilizo dhaifu na kuondoka, zilizobaki zinarithi shamba. Hivyo ndivyo klorokwini ilivyoshindwa, na kwa sababu hiyo hiyo kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa miezi, hata kikohozi kikiwa kimekwisha. Seli iliyo sugu kwa dawa moja si rahisi iwe sugu kwa tatu.

Kampala walitambua jambo jingine la maana. Uvimbe ukirudi mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, mara nyingi ni sugu. Ukirudi baada ya mwaka, mara nyingi dawa ile ile ya kwanza hufanya kazi tena. Kwa hiyo asiambiwe mzazi kwamba kurudi ni kufa. Nilimpima pia msichana aliyerudi mwaka wa pili baada ya tiba; akatibiwa tena, akakaa dozi zote kwa kuwa shangazi yake alikuwa na chumba mjini. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi.

Katika nchi tajiri watoto kama tisa kwa kumi wenye limfoma hii hupona. Kwetu ni wachache zaidi sana, ingawa dawa za msingi ni zile zile. Tofauti kubwa iko katika siku za kuchelewa, maji na uangalizi wa figo wakati uvimbe unapoyeyuka kwa ghafula, na dozi zisizomalizwa. Chumba cha shangazi ni tiba, nasema hivyo bila mzaha.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya mchana kuna fedha za lango jipya la shule. Nimeona mchoro wake. Una nguzo mbili na simba wawili. Naomba kuweka hoja kwamba simba mmoja atoshe, na thamani ya yule wa pili iwe nauli na posho ya chakula kwa wazazi wenye watoto wa kansa katika wodi iliyo karibu nasi. Nimezungumza na muuguzi mkuu. Anayo orodha, na majina ya sasa ni sita.

Vijana, nimekuja na hadubini na vioo vinne. Kimoja ni anga lenye nyota, cha pili ni damu ya malaria, cha tatu ni tezi nzima isiyo na ugonjwa, na cha nne sitawaambia. Viko katika maabara ya biolojia, meza ya dirishani, na mlango utakuwa wazi hadi saa kumi. Msiguse rangi, haitoki kwenye shati.