Kadi ya Benki Safarini: Mashine Inapouliza Shilingi au Dirhamu

Kadi ya benki isiyo na gharama kubwa Kariakoo inaweza kuwa ghali sana Dubai. Mfanyabiashara anapotoa dirhamu kwenye ATM ya huko, benki yake ya Tanzania hukata ada ya kutoa fedha nje. Juu yake kuna makato ya kubadilisha shilingi. Benki yenye mashine nayo inaweza kudai chake. Ada ikiwa ileile kila mara, kutoa kidogo kidogo ni hasara.

Kadi ya mkopo inafaa kulipia hoteli. Kuitumia kutolea fedha taslimu ni jambo la kuepuka, kwa sababu mara nyingi riba huanza siku hiyohiyo.

Makato yanayouma zaidi hujificha kwenye skrini. Mashine huuliza: shilingi au dirhamu? Shilingi huvutia kwa kuwa imezoeleka. Lakini ndiyo ghali, maana kiwango cha kubadilisha hupangwa na upande wa mashine, na faida yake imo humo. Msafiri achague dirhamu. Dukani pia, muuzaji akileta mashine ya kadi, jibu ni hilohilo: dirhamu. Akiwa India, rupia. Daima fedha ya nchi aliyopo.

Kabla ya safari, msafiri apite kwenye benki yake. Aulize ada ya kutoa fedha nje na makato ya kubadilisha, kisha alinganishe na benki nyingine. Ahakikishe kadi imefunguliwa kutumika nje. Na kadi ya pili, kama ipo, ikae mfuko tofauti.