Kuupima Moyo wa Mtoto Akiwa Mbioni



Wako watoto ambao wakiketi huonekana wazima kama wenzao, lakini wakikimbia kidogo hutweta, hushika kifua au huona kizunguzungu. Mara nyingi huitwa wavivu, na pengine huadhibiwa kwa uvivu huo. Mtoto wa namna hii akipimwa amelala kitandani, huenda daktari asione jambo kubwa, maana moyo uliopumzika haujatakiwa kutoa nguvu zake zote.

Kwa sababu hiyo moyo hupimwa ukiwa kazini. Mwaka 1952 Per-Olof Åstrand wa Stockholm, nchini Uswidi, alitoa kitabu juu ya nguvu za mwili, na miongoni mwa aliowapima walikuwamo watoto wa miaka minne. Mwaka 1963 Robert Bruce wa Seattle, Marekani, alieleza kipimo cha kutembea juu ya ukanda unaozungushwa na mashine: kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko huongezwa. Kipimo hicho hutumika hata kwa watoto. Wengine huendesha baiskeli isiyokwenda popote, ikiwa miguu yao yafika kwenye pedali!

Nyaya hubandikwa kifuani ili kuandika mapigo ya moyo. Mkono hufungwa kitambaa cha kupimia msukumo wa damu. Na pumzi hupimwa kwa kinyago, ijulikane oksijeni iliyotumika. Mzazi aliyesimama kando asishtuke akiona mapigo yakikaribia 200 kwa dakika. Kwa mtu wa makamo hesabu hiyo ingetisha, lakini moyo wa mtoto ni mdogo, kila pigo hutoa damu kidogo, basi hauna budi kupiga mara nyingi zaidi.

Jambo la kuogopwa ni jingine. Kazi ikizidi, msukumo wa damu hupaswa kupanda. Usipopanda, au ukishuka, huenda mlango wa kutolea damu moyoni umekuwa mwembamba, au misuli ya moyo imechoka. Hapo daktari husimamisha mashine mara moja, hata kama mtoto asema bado anaweza.

Wengine huonekana wazima, wakaruhusiwa kurudi kwenye mpira waliokatazwa kwa miaka. Wengine hupelekwa kwa daktari mpasuaji kabla hawajaanguka uwanjani.